Sharti la Kiingereza kwa mwombaji wa uzamili na uzamivu: fuata hatua hizi kabla hujalipia mtihani

Kila msimu wa kuomba shahada za juu kwenye vyuo vya nje vinavyodai mtihani wa Kiingereza, maswali ni yaleyale. "Nimepata 7, mbona wamenikataa?" "Shahada ya kwanza nilisoma kwa Kiingereza, kwa nini bado wanataka mtihani?" "Matokeo yangu ya mwaka juzi bado yanafaa?" Nimewajibu watu wengi mmoja mmoja, na mara nyingi jibu huwafikia wakati maji yameshamwagika: mtu amelipia mtihani ambao chuo hakiupokei, au zimebaki siku nne dirisha la maombi lifungwe. Nimeona afadhali niyaweke yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kufuatwa.

Jambo moja lishike tangu sasa. Wengi wanaokwama kwenye sharti hili hawakwamishwi na Kiingereza chao. Wanakwamishwa na mstari mmoja ambao hawakuusoma kwenye ukurasa wa programu. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kusoma vizuri masharti, na mtihani wenyewe unakuja baadaye.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Pasipoti ambayo haitaisha muda kabla ya siku ya mtihani. Kama inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza.
- Cheti na transkripti (orodha rasmi ya masomo na alama zako) ya shahada uliyonayo, ili uone jina lako limeandikwaje humo.
- Orodha ya programu unazoomba, na tarehe ya mwisho ya kila moja. Nasema programu, sisemi vyuo. Sababu utaiona hatua ya kwanza.
- Anwani moja ya barua pepe utakayoitumia kwenye mtihani, kwenye maombi na kwenye mawasiliano yote.
- Jedwali, la kompyuta au la daftari, lenye safu sita: programu, mtihani unaokubaliwa, alama ya jumla, alama ya kila sehemu, muda wa matokeo kuwa hai, na namna ya kuyatuma.

Hatua ya 1: Tafuta sharti la programu yako

Chuo kikuu kinaweza kuwa na sharti la jumla kwa waombaji wote wa shahada za juu, halafu idara ikaweka la kwake lililo juu zaidi. Sheria, uandishi wa habari na elimu mara nyingi hudai alama za juu kuliko uhandisi au hisabati ndani ya chuo kilekile. Anayesoma ukurasa wa chuo peke yake huona 6.5 ya IELTS, mtihani mmojawapo wa Kiingereza wenye alama 0 hadi 9, akaridhika, kumbe idara inataka 7.

Kwa hiyo fungua ukurasa wa programu yenyewe, tafuta sehemu inayoitwa "English language requirements", na uisome hapo. Kisha nenda kwenye ukurasa wa idara. Ukiwa unaomba ufadhili, soma pia masharti ya mfadhili. Mwisho angalia masharti ya viza ya nchi unayokwenda. Hiyo ni milango minne, na kila mmoja una mlinzi wake. Ukikuta alama zinatofautiana, chukua ile ya juu kabisa. Hiyo ndiyo yako.

Marekani kuna mlango wa tano ambao wengi hawauoni. Ukitaka kulipiwa kama msaidizi wa kufundisha wakati unasoma, vyuo vingi hudai alama ya kuzungumza iliyo juu kuliko ile ya kudahiliwa. Unaweza kupata nafasi ya kusoma ukakosa nafasi ya kufundisha, na pamoja nayo fedha uliyoitegemea.

Hatua ya 2: Soma sharti hadi nukta ya mwisho

Hapa ndipo ninapokuomba utulie. Sharti la kawaida huandikwa hivi: IELTS 6.5 kwa jumla, na pasiwe na sehemu iliyo chini ya 6.0. Watu husoma nusu ya kwanza, nusu ya pili inawapita.

IELTS ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama ya jumla ni wastani wa hizo nne, na wastani hukadiriwa hadi nusu iliyo karibu. Ukiishia na robo, yaani .25, unapandishwa hadi .5, ukiishia na .75, unapandishwa hadi namba nzima inayofuata.

Sasa tazama watu wawili. Wa kwanza kapata 7.5 kusikiliza, 7.0 kusoma, 7.0 kuzungumza na 5.5 kuandika. Jumla ni 27, gawanya kwa nne ni 6.75, inapanda kuwa 7.0. Wa pili kapata 6.5 kusikiliza, 6.5 kusoma, 6.0 kuzungumza na 6.0 kuandika. Jumla ni 25, wastani 6.25, inapanda kuwa 6.5. Kwa sharti tulilotaja, wa pili kafaulu na wa kwanza hakufaulu, ingawa wa kwanza ana 7.0 kwenye karatasi yake. Ile 5.5 ya kuandika imemfungia mlango. Hili ndilo jibu la "nimepata 7, mbona wamenikataa?"

Ukimaliza alama, tafuta mambo mengine matatu kwenye maelezo hayohayo:

- Matokeo yahesabiwe kuwa hai hadi lini? IELTS na mitihani mingine ya Kiingereza utakayoikuta hatua ya 4, yaani TOEFL, PTE na Duolingo, huhesabiwa kwa miaka 2 tangu siku ya mtihani. Lakini vyuo vingine hupima miaka hiyo hadi siku unayotuma maombi, vingine hadi siku masomo yanapoanza. Mtihani wa Juni 2025 unafaa kwa maombi ya Januari 2027, ila umeshakufa masomo yakianza Septemba 2027.
- Je, wanapokea mtihani uliofanyiwa nyumbani? Wapo wanaopokea wa kituoni tu.
- Je, wanaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili? TOEFL hutoa ripoti inayokusanya alama yako bora ya kila sehemu kutoka mitihani yako ya miaka 2 iliyopita, lakini kila chuo kina uamuzi wake kuhusu kuitambua.

Jaza jedwali lako. Penye utata, acha nafasi wazi na alama ya kuuliza, usikisie.

Hatua ya 3: Uliza kama unastahili msamaha

Vyuo vingi humsamehe mtihani mtu aliyemaliza shahada katika nchi ambayo watu wengi lugha yao ya kwanza ni Kiingereza. Vingine husamehe aliyesoma shahada nzima kwa Kiingereza popote pale. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewagharimu wengi.

Nchi kuwa na Kiingereza kama lugha rasmi hakutoshi. Orodha inayotumiwa na serikali ya Uingereza kwa mambo ya viza ina Marekani, Kanada, Australia, Nyuzilandi, Ireland, Malta, Jamaika na visiwa kadhaa vya Karibi. India haimo, Nigeria haimo, ingawa vyuo vikuu vya huko hufundisha kwa Kiingereza. Vyuo vingi navyo vina orodha zao, ndefu au fupi kuliko hiyo. Tafuta orodha ya chuo chako.

Kama chuo kinapokea uthibitisho wa lugha ya kufundishia, omba barua kwa msajili wa chuo ulichosoma. Barua yenye nguvu huwa na haya: karatasi rasmi ya chuo, tarehe, jina lako kama lilivyo kwenye cheti, jina la shahada, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, sentensi inayosema wazi kwamba mafunzo na mitihani yote ilikuwa kwa Kiingereza, saini, cheo cha aliyesaini, muhuri, na barua pepe rasmi ya ofisi. Sisitiza neno "yote". Nimeona barua ikirudishwa kwa sababu iliandika "kwa kiasi kikubwa".

Onyo: usiache kujisajili kwa mtihani eti kwa sababu unasubiri msamaha. Tuma swali lako kwa ofisi ya udahili, weka siku utakayosubiri, mathalani wiki mbili, na jibu lisipokuja endelea kana kwamba umenyimwa. Na jibu likija, lihifadhi kwa maandishi. Ahadi ya kwenye simu haina mtu wa kuitetea.

Hatua ya 4: Chagua mtihani

Usianze kwa kuuliza upi rahisi. Anza na ule unaokubaliwa na programu zako zote, kisha angalia unaoendana na wewe.

- IELTS: alama 0 hadi 9. Unazungumza na mtahini, ana kwa ana au kwa video. Kwa masomo ya chuo unahitaji aina ya Academic. Ile ya General Training ni kwa uhamiaji na kazi, na ukiifanya kwa makosa utarudia yote.
- TOEFL iBT: unazungumza na kompyuta, unarekodiwa. Kwa miaka mingi ilihesabiwa 0 hadi 120. Tangu Januari 2026 imeingia kwenye kipimo cha 1 hadi 6, na kwa kipindi cha mpito ripoti huonyesha pia alama ya kipimo cha zamani. Ukikuta ukurasa wa chuo bado unataja 100, usishtuke, linganisha na alama hiyo ya pili.
- PTE Academic: alama 10 hadi 90, yote kwa kompyuta. Matokeo kwa kawaida hutoka ndani ya siku mbili.
- Duolingo English Test: alama 10 hadi 160, unafanyia nyumbani, huchukua kama saa moja. Ni mwepesi wa kuupata, lakini si kila idara inaupokea, na wafadhili nao usiwachukulie kwamba wataukubali. Kwa viza ya baadhi ya nchi haufai kabisa.
- C1 Advanced na C2 Proficiency za Cambridge: vyeti vyake havina tarehe ya kuisha, ingawa chuo kinaweza kuweka ukomo wake.

Usitumie jedwali la kubadilisha alama ulilolikuta popote. Kila chuo huamua chenyewe kwamba 6.5 ya IELTS inalingana na ngapi ya TOEFL.

Hatua ya 5: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Anza na tarehe ya mwisho ya maombi. Toa wiki mbili za matokeo kutoka na kufika chuoni. Toa wiki nne au tano za kurudia mtihani ikibidi. Siku inayobaki ndiyo ya mwisho ya kufanya mtihani wako wa kwanza. Kisha toa wiki nane za maandalizi. Ndiyo, inatoka karibu miezi minne. Anayeanza mwezi mmoja kabla hana nafasi ya kurudia, na hofu hiyo ataingia nayo chumba cha mtihani.

Hatua ya 6: Jisajili kwa jina la pasipoti

Andika jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ukoo mahali pake na majina mengine mahali pake. Usifupishe, usiongeze jina la ndoa lisilomo. Pasipoti uliyojisajilia ndiyo utakayoonyesha siku ya mtihani. Ukija na nyingine wanaweza kukurudisha mlangoni, na fedha usirudishiwe.

Hatua ya 7: Jiandae, na uanzie kwenye kuandika

Fanya jaribio moja kamili la mfano, kwa saa, bila kusimama. Utajua udhaifu wako uko wapi. Kwa wengi niliowasaidia uko kwenye kuandika, na mimi mwenyewe nilikwamia hapo. Mara yangu ya kwanza nilipata 6.0 ya kuandika wakati idara ilitaka 6.5. Sikukosa maneno. Nilitumia dakika 35 kupamba swali la kwanza, nikabaki na 25 za insha.

IELTS hukupa dakika 60 kwa maswali mawili. La kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. La pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250. La pili lina uzito maradufu. Kwa hiyo dakika 20 kwa la kwanza, 40 kwa la pili, na ukifika dakika ya 20 uhame hata kama sentensi haijakamilika. Ndani ya zile 40, tumia tano kupanga, thelathini kuandika, tano kusahihisha. Kwenye grafu eleza unachokiona tu. Maoni yako hayatakiwi hapo. Na usikariri insha za watu: watahini wanazitambua na wanazikata alama.

Kwenye zile dakika tano za kusahihisha, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna makosa yetu ya kuwinda. "Yeye" wetu hatofautishi mwanamume na mwanamke, ndiyo maana "he" na "she" hutuponyoka katikati ya aya. Kiswahili hakina "a" wala "the", basi tunaziacha au tunazitupia popote. Vifaa kwetu ni vingi, tunaandika "equipments". Taarifa nazo huwa nyingi, tunaandika "informations", ilhali kwa Kiingereza maneno hayo mawili hayaongezwi "s" ya wingi. Na "naishi hapa tangu 2019" tunaileta ilivyo, tukasema "I am living here since 2019", badala ya "I have lived". Pitia insha yako mara nne, kila mara ukitafuta kosa moja tu kati ya haya. Mazoezi ya wiki tatu ya namna hii hubadilisha sana uandishi wa mtu.

Sehemu nyingine nitazipitia haraka. Kusikiliza: sauti huchezwa mara moja tu, tahajia inahesabiwa, na ukiambiwa maneno yasizidi mawili, ukiandika matatu umekosa hata kama jibu sahihi limo ndani. Kusoma: maswali 40 kwa dakika 60, soma swali kwanza. Kuzungumza: dakika 11 hadi 14, na kuna kadi utakayopewa dakika moja kuifikiria kisha uzungumze hadi dakika mbili. Jirekodi kwa simu ukizizungumzia kadi za mazoezi. Lafudhi yako si kosa. Kinachopimwa ni kama unaeleweka, kwa hiyo usijitahidi kuiga Mwingereza, jitahidi usimeze maneno.

Hatua ya 8: Tuma matokeo kwa njia wanayoitaka

Kupata alama na chuo kuzipokea ni vitu viwili. Vyuo vingine huridhika na nakala unayoipakia kwenye fomu, kisha vinaihakiki vyenyewe. Vingine havigusi maombi yako hadi matokeo yatumwe moja kwa moja na waendeshaji wa mtihani. Kwa TOEFL kila chuo kina namba yake ya tarakimu nne. Unaweza kuchagua wapokeaji wanne bila malipo ya ziada, mradi uwachague kabla ya siku ya mtihani. Ipate namba hiyo kwenye ukurasa wa chuo, na uhakikishe ni ya shule ya shahada za juu, kwa sababu mahali pengine ya shahada ya kwanza ni tofauti.

Mambo yakikwama

*Nimekosa nusu alama kwenye sehemu moja.* Angalia kwanza kama kituo chako kina huduma ya IELTS ya kurudia sehemu moja tu: hufanywa kwa kompyuta, ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza. Kisha kiulize chuo kama kinaitambua, maana si vyote. Pia unaweza kuomba karatasi isahihishwe upya, ndani ya wiki sita. Alama ikibadilika unarudishiwa ada. Omba hivyo pale tu sehemu iliyoanguka ni kuandika au kuzungumza na iko mbali na zile nyingine. Kusikiliza na kusoma kuna majibu maalumu, hubadilika kwa nadra.

*Matokeo hayatatoka kabla ya tarehe ya mwisho.* Fomu nyingi zina nafasi ya kuandika tarehe ya mtihani uliojisajilia. Ijaze, tuma maombi kwa wakati, kisha waandikie udahili ukiwaambia siku matokeo yatakapofika. Usiache maombi yote kwa sababu hiyo.

*Wamenipa udahili wa masharti.* Hiyo ni habari njema yenye kazi ndani yake. Soma tarehe ya kutimiza sharti. Vyuo vingi, hasa Uingereza, vina kozi ya Kiingereza ya wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza, inayochukua nafasi ya alama zilizopungua. Uliza mapema kama mfadhili ataigharimia, na kama viza yako itaihesabu.

*Jina kwenye cheti halifanani na la pasipoti.* Tafuta kiapo cha majina au hati ya ndoa, ipakie pamoja na cheti, na uandike mistari miwili ya maelezo. Fanya hivyo kabla hawajakuuliza.

*Pasipoti imebadilishwa baada ya mtihani.* Matokeo yako hayajafa. Tunza nakala ya pasipoti ya zamani na uitume pamoja na mpya.

*Chuo kinasema hakijapokea matokeo, nami niliyatuma.* Mara nyingi yamefika lakini hayajaunganishwa na faili lako, kwa kuwa barua pepe au tarehe ya kuzaliwa imetofautiana. Waandikie jina kama lilivyo kwenye mtihani, tarehe ya mtihani, namba ya ripoti na namba yako ya maombi, vyote kwenye barua moja. Subiri siku tano za kazi, kisha wakumbushe kwa kujibu barua ileile, usianzishe mpya.